Mwanao anaijua Masaki, Somanda je?

HUENDA mwanao hapa Bariadi anaijua Masaki ya Dar es Salaam kwa kuiona kwenye simu. Muulize habari za Somanda, Sima au Malambo, sehemu za mji wake mwenyewe, uone kama ana la kusema. Mtoto asiyeujua mji wake hukua akiamini kuwa maisha yako kwingine.

Jumamosi moja toka naye asubuhi kabla jua halijawa kali, mtembee kwa miguu. Anzieni sokoni. Mwonyeshe michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Mpe hela anunue mwenyewe, ahesabu na chenji. Akikutana na wazee, awaamkie kwa Kisukuma: "Mwangaluka." Hapo ataulizwa ni mtoto wa nani, na mazungumzo yataanza.

Ukifika msimu wa pamba, mpeleke akaone inavyopimwa. Mweleze ni kaya ngapi za ukoo wenu zimesomesha watoto kwa pamba hiyo. Siku nyingine pandeni gari hadi Nyakabindi, kwenye viwanja vilivyopokea Nanenane ya kitaifa mwaka 2018.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kijana wako wa sekondari huenda ni rika lake. Mkirudi nyumbani muulize: mtaa gani umeupenda, na kwa nini? Kisha nyamaza, umsikilize.