Hesabu Moja, Watu Wawili

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Ukitaja kazi hii kwenye sherehe watu wanakukodolea macho, kisha mmoja anauliza, "Kwa hiyo wewe ni fundi?" Hapana jamani! Kazi yangu ni kukwambia nyumba itakula shilingi ngapi kabla hujanunua hata tofali moja. Hapa Tanzania tunasajiliwa na bodi moja na wabunifu majengo, wale wanaochora ramani.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Ukuta wa mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12, na kila mita ya mraba inataka kama tofali 10 za inchi 6. Jumla 120. Toa nafasi ya mlango na dirisha, ongeza asilimia 5 za zitakazovunjika. Zege, nondo, bati, nyaya, ufundi, vyote napiga vivyo hivyo. Mwisho naweka asilimia 10 ya dharura, maana bei ya saruji haisubiri mshahara wako.

Kigumu ni watu. Mwaka jana alikuja kaka mmoja, mtanashati, ana kazi nzuri. Akaninong'oneza, "Dada, niandikie karatasi mbili. Yangu ya kweli, na ya waifu yenye milioni 8 zaidi." Mke alikuwa amekopa kazini kwake ili wajenge pamoja! Nilikataa. Akabeba ramani yake akaondoka, na pesa niliyokuwa nimeipangia kodi ya nyumba ikaondoka naye.

Nilipomsimulia mchumba wangu, akauliza, "Na sisi tukijenga, hesabu utaniwekea mezani?" Nikamjibu, "Nitaweka, na wewe weka slipu yako ya mshahara." Tulicheka, lakini slipu ilipokuja ndipo nikaona mkopo wa miaka 3 ambao hakuwahi kunitajia. Tulinuniana siku mbili. Ya tatu tukakaa chini, tukapanga upya: chumba na sebule kwanza, mengine baadaye.

Kwa hiyo wapenzi, kabla hamjamwita fundi, ombeni mchanganuo mmoja wa gharama. Usomeni wote wawili, kila mtu abaki na nakala, risiti zikae faili moja. Na mwenzio akikuficha karatasi ile, usihangaike kuulizia bei ya tofali. Muulize anaficha nini.