Chunusi za Vitamini: Maudhi au Madhara?

Makala haya yanahusu chunusi zinazomtoka mtu baada ya kutumia vitamini za dukani, pamoja na maneno tuliyo nayo ya kuzieleza. Huenda msomaji akauliza suala la ngozi linaingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu linapatikana katika kemisti yoyote ya Makina, Kibera. Mteja husimama dirishani akamwambia mwuzaji, ambaye mtaani huitwa daktari hata kama si daktari: "Nimetokwa na vipele." Neno ni hilo moja tu. Ndani yake mna chunusi, mna harara, mna upele wenyewe unaoambukizwa, mna choa, na mna mzio wa dawa unaoweza kuua. Mwuzaji ana dakika mbili, na nyuma ya mteja huyo kuna wengine wanaosubiri. Atakachouza kitategemea alichokisikia katika neno hilo.

Makina ni miongoni mwa vijiji vya kale vya Kibra, eneo ambalo Wanubi, yaani askari wa King's African Rifles na jamaa zao, walipewa makao mwanzoni mwa karne ya 20, na ambalo jina lake katika Kinubi lina maana ya msitu. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hilo, kikawa lugha ya soko, na hata leo Mnubi, Mluhya, Mjaluo na Mkamba wakikutana katika soko la Makina husemezana kwa Kiswahili. Hata hivyo, karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya vidonge aghalabu haikuandikwa kwa lugha hiyo. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mithili ya mbegu za mchicha, na sehemu inayotaja athari za dawa ndiyo yenye msamiati mgumu kuliko sehemu zote. Vitamini zinazouzwa kwa kuhesabiwa, vidonge kumi kumi ndani ya bahasha ndogo, hazina karatasi yoyote. Wengi hawaioni haja yake, kwa kuwa huchukulia vitamini kuwa chakula tu.

Dhana hii ina chimbuko katika jina lenyewe. Casimir Funk, mwanakemia mzaliwa wa Poland, ndiye aliyelibuni neno hilo mwaka wa 1912, akalijenga juu ya neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Nani ataogopa uhai? Mtu akichoka, akikosa hamu ya kula au akihisi ganzi miguuni, huambiwa "damu imepungua" akachomwa sindano ya vitamini B. Sasa tuangalie vipimo. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 za vitamini B12 kwa siku, na nyama, maini, samaki, mayai au maziwa humpa kiasi hicho. Sindano moja huweza kuwa na mikrogramu 1000. Hiyo ni zaidi ya mara 400 ya mahitaji ya siku. Kwa mgonjwa ambaye tumbo lake haliwezi kufyonza B12, au ambaye amepungukiwa nayo kutokana na kutumia metformini kwa miaka mingi, sindano hiyo ni tiba halali na haina mbadala wa maneno. Mtu aliyechoka kwa sababu halali vizuri ni suala jingine.

Uhusiano wa B12 na chunusi umeandikwa na madaktari wa ngozi tangu nusu ya pili ya karne ya 20, lakini sababu yake haikujulikana kwa muda mrefu. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa maelezo yanayoridhisha. Katika vinyweleo vya uso wa kila mmoja wetu huishi bakteria ambaye wakati huo aliitwa Propionibacterium acnes. Bakteria huyu hujitengenezea B12 yake mwenyewe. Anapoipata tele kutoka kwa mwenyeji wake, huacha kazi hiyo, na malighafi iliyokuwa ikitumika huelekezwa katika kutengeneza porfirini, kemikali zinazochochea uvimbe kwenye ngozi. Kati ya watu 10 wenye ngozi safi waliopewa vitamini hiyo katika utafiti huo, mmoja alitokwa na chunusi baada ya wiki moja. Mmoja kati ya kumi hathibitishi kanuni kwa watu wote, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Walichoonyesha ni njia ambayo jambo hilo hupitia.

Chunusi za aina hii zina sura yake. Chunusi za ujana huja polepole na kwa mchanganyiko: nyingine zina vichwa vyeusi, nyingine vyeupe, nyingine zimetunga usaha. Zile za vitamini hutokea ghafla, katika muda wa siku au wiki chache, na hufanana kama zilizopimwa kwa kipimo kimoja. Ni vinundu vyekundu visivyo na vichwa vyeusi, usoni, mabegani na kifuani. Huweza kumtoka mama wa miaka 40 ambaye aliaga chunusi zamani. Vitamini ikiachwa, aghalabu hufifia baada ya wiki kadhaa. Kinyume chake, mtu akiambiwa kuwa "damu ni chafu" na kwamba vitamini ndiyo inayoutoa uchafu huo, ataongeza sindano nyingine. Imani hii ya damu chafu imewagharimu wengi fedha na nyuso.

Si kila vitamini huleta chunusi. B3 ya aina ya niasini huufanya uso uwake na kuwa mwekundu kwa muda mfupi, kisha hali hiyo hupita. Vitamini A iko upande wa pili kabisa, kwani dawa kali ya chunusi, isotretinoini, ni ya ukoo wake. Lakini A ikizidi hukausha ngozi na kupasua midomo, na humdhuru mtoto aliye tumboni.

Mambo huwa mazito tunapofikia kifua kikuu, maradhi yanayopenda vyumba vidogo visivyo na madirisha. Tiba yake ya miezi sita, inayotumika ulimwenguni kote, ina historia hapa kwetu: majaribio yaliyoonyesha kwamba tiba ingeweza kufupishwa hivyo yalianza Afrika Mashariki mwaka wa 1970 kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Mojawapo ya nguzo za tiba hiyo ni isoniazidi. Dawa hii huupunguzia mwili vitamini B6, na upungufu huo huleta ganzi na michomo nyayoni. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa kidonge cha B6. Basi chunusi zikimtoka, washukiwa ni wawili. Isoniazidi yenyewe inajulikana kusababisha chunusi, na B6 kwa kiwango kikubwa imewahi kuhusishwa nazo pia. Mgonjwa hana habari hizo. Anachokiona ni kijidonge kipya na uso uliochafuka, na katika mtaa ambako mlango umepakana na mlango, uso hausomwi na mwenyewe peke yake. Majirani wakiona vipele kwa mtu aliyekonda, huwa wameshatoa hukumu. Ni rahisi kwake kuacha dawa zote. Akiziacha, ugonjwa hurudi, na huenda ukarudi ukiwa sugu.

Wa kumwambia "hizo ni chunusi tu, endelea" anahitajika, lakini naye awe na hakika kwamba kweli ni chunusi. Nairobi ina ushahidi wa kosa la upande huo wa pili. Mwaka wa 1991, katika jarida la Lancet, Paul Nunn na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wagonjwa wa kifua kikuu jijini humu waliotumia thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa ikitumika sana wakati huo. Miongoni mwa waliokuwa na virusi vya UKIMWI, takribani mmoja kati ya watano alipatwa na mzio wa ngozi. Kwa wasiokuwa navyo, ni kama mmoja kati ya mia. Wengine ngozi iliwabambuka na wakafariki. Dawa hiyo iliondolewa katika tiba ya wagonjwa wa namna hiyo. Nao, bila shaka, walipofika zahanati mara ya kwanza, walisema wametokwa na vipele.

Je, Kiswahili kimekosa maneno? La hasha. Chunusi ni vinundu vya vinyweleo vilivyoziba. (Lugha yetu ina utani wake: chunusi pia ni zimwi la majini linalowavuta waogeleaji.) Harara ni wekundu na vipele vidogo vidogo vinavyotapakaa pamoja na joto na mwasho. Upele, kwa maana yake finyu, husababishwa na kidudu kinachochimba ngozini, na mwasho wake huzidi usiku. Ukurutu, choa na malengelenge yana nafasi zao. Tatizo ni kwamba vijana wa Nairobi wameachia vipele kazi ya maneno yote haya, na chunusi wakaipa jina la Kiingereza.

Kuhusu athari za dawa, istilahi zetu zinayumba: athari za pembeni, madhara ya kando, matokeo mabaya. Tafsiri hizi zina kasoro moja: zinaweka uso wenye chunusi na ngozi inayobambuka katika kapu moja. Wahudumu wa afya wa Tanzania, hasa katika uzazi wa mpango, wamezoea kusema "maudhi madogo madogo". Mimi naliona neno hili kuwa bora kuliko yale yaliyobuniwa mezani. Maudhi humkera mtu asidhurike, madhara humdhuru. Chunusi za B12 ni maudhi. Harara inayoandamana na homa, vidonda vya mdomoni, macho mekundu au ngozi inayovuka ni madhara, na mwenye nayo hapaswi kulala nyumbani usiku huo. Anayetumia dawa za kifua kikuu akipata chunusi azipeleke kliniki pamoja na vidonge vyake. Uamuzi wa kubadilisha dawa si wake wala si wa kemisti.

Kenya ina utaratibu wa kunakili mambo haya. Bodi ya Famasia na Sumu ilitoa fomu ya manjano ya kuripoti athari za dawa, na mwaka wa 2010 nchi ikaingia rasmi katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa. Fomu ina nafasi ya kueleza kilichompata mgonjwa. Mhudumu huijaza kwa Kiingereza kutokana na yale aliyoambiwa kwa Kiswahili, na likimfikia neno vipele peke yake, chunusi ya vitamini na harara ya dawa huandikwa kwa jina moja.