Jahazi la sentimita 60 lilivyorudisha mazungumzo nyumbani kwetu

Kwa miezi mitano baada ya kupata kiharusi, baba yangu alikaa kwenye kiti kilekile barazani. Redio iliwashwa, lakini hakuisikiliza. Mkono wake wa kulia aliuweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Ukimuuliza anaendeleaje, jibu lilikuwa moja tu: "Nipo."

Alikuwa na miaka 64, karani mstaafu aliyejivunia mwandiko wake. Sasa hata kifungo cha shati kilimshinda. Mpira laini aliopewa kliniki ili auminye kila siku aliuficha chini ya mto wa kiti. Vidonge vya shinikizo la damu alivimeza mama akiwa amemsimamia. Mama akitoka, havikumezwa.

Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nilimwendea na kila ninachokijua: kupunguza chumvi, mazoezi, hatari ya kiharusi cha pili. Siku moja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: "Hayo mwanangu, kawaandikie wasomaji wako."

Aliyetuokoa ni mtoto. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuja na kazi ya shule, kutengeneza chombo cha usafiri kwa vifaa vya nyumbani. Alikata ndala kuukuu, akachomeka kijiti na kubandika kipande cha karatasi cha mraba kuwa tanga. Baba alikitazama kwa muda mrefu.

"Hilo tanga gani? Tanga la jahazi lina pembe tatu. Na mlingoti hausimami wima hivyo, unainamia mbele."

Wiki ile hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho.

Safari ya Bagamoyo

Baba alizaliwa Kilwa Kivinje, na babu yangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Utotoni alishinda ufukweni akiokota mabaki ya mbao, hadi alipopelekwa shule mbali na nyumbani. Hakushika tezo tena. Sisi watoto tulijua tu kwamba babu "alikuwa fundi". Fundi wa nini, hakuna aliyeuliza.

Jumapili iliyofuata aliomba apelekwe Bagamoyo, ambako mafundi bado wanajenga vyombo vya mbao ufukweni. Alishika futi kwa mkono wa kushoto, mpwa wangu akavuta upande wa pili, mimi nikaandika. Fundi mmoja alicheka alipotuona na daftari. "Shikamoo mzee. Sisi huku futi yetu ni jicho," alisema. Ni kweli, mafundi wa pwani yetu kwa kawaida hujenga bila mchoro, kwa jicho na mazoea waliyorithi.

Chombo tulichopima kilikuwa na urefu wa mita 12. Baba aliamua cha kwake kiwe kidogo mara 20, yaani sentimita 60. Hapo ndipo mfano wa kupima unapotofautiana na mwanasesere wa kuchezea. Kila kitu hugawanywa kwa namba ileile. Mlingoti wa mita nane unakuwa sentimita 40. Baharia mwenye kimo cha mita 1.7 anakuwa sentimita 8.5. Ukikosea kipimo kimoja, jicho la anayeijua bahari hulinasa kosa.

Vibanio vya mama

Vifaa havikuwa vya ajabu. Mkuku ulichongwa kwenye kipande cha mwembe. Mbao za ubavuni zilitoka kwenye kasha la matunda, zikachanwa kuwa fito za unene wa milimita mbili na kupigwa msasa. Foromali ilitokana na vijiti vya mishikaki vilivyofungwa pamoja, na tanga likakatwa kwenye kipande cha marekani, kitambaa kilekile kilichowahi kutumika kushona matanga ya kweli.

Ili fito ikubali kujikunja, huloweshwa kwenye maji ya moto, hukunjwa taratibu juu ya mataruma, kisha hubanwa hadi gundi ishike. Cha kubania alikipata kwenye kamba ya nguo.

"Nilianika shuka, nikashangaa vibanio vyote vimehamia kwenye jahazi," anasema mama. "Nilitaka kugomba. Nikamwona anakifungua kibanio kwa mkono ule wa kulia. Nikanyamaza, nikaenda dukani kununua vingine."

Kibanio cha nguo, ukikifikiria, kinafanya kazi ileile ya ule mpira uliofichwa chini ya mto. Unakibana, unakiachia, unarudia. Tofauti ni kwamba mpira haukumpeleka popote, na kila kibanio kilimsogeza karibu na jahazi.

Wataalamu wa kurekebisha viungo wanalifahamu jambo hili. Baada ya kiharusi, sehemu za ubongo zilizobaki nzima zinaweza kujifunza kazi za zile zilizoharibika, hasa mgonjwa anaporudia mara nyingi tendo lenye maana kwake. Si jambo geni. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, hospitali za Uingereza na Marekani zilitumia useremala, ususi na kazi nyingine za mikono kuwasaidia askari majeruhi.

Hata hivyo, lazima niseme ukweli. Jahazi halikumponya baba. Hadi leo kikombe cha chai anakishika kwa mkono wa kushoto, na hatukuacha kliniki hata mara moja. Kilichobadilika ni kwamba alipata sababu ya kuamka. Alianza kuviweka vidonge kando ya chupa ya gundi, na kabla ya kufungua gundi anameza dawa. Mama hamsimamii tena.

Upande uliopinda

Mwezi wa pili mambo yaliharibika. Kwa haraka ya kuona umbo, baba alibandika fito zote za ubavu wa kulia kabla ya kugusa wa kushoto. Asubuhi tulikuta mkuku umevutwa, jahazi zima limejipinda. Fito zinapokauka huvuta upande wake, ndiyo maana hubandikwa kwa zamu, moja kulia na moja kushoto.

Alirudi kwenye kile kiti cha barazani. Siku mbili hakusema kitu, na mimi niliogopa kuliko siku tuliyompeleka hospitali. Siku ya tatu nilimkuta amelishika lile jahazi, analigeuza.

"Limepooza upande mmoja," alisema. "Kama mwenye nalo."

Kisha akacheka. Tulicheka sote hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Gundi nyeupe ya mbao hulainika kwenye maji ya moto, kwa hiyo tulilitia jahazi kwenye beseni, tukabandua fito moja baada ya nyingine. Jioni ile, mikono yetu ikiwa majini, alinieleza kwa mara ya kwanza jinsi alivyoogopa siku mdomo wake ulipopinda, na kwamba alikaa saa nzima bila kumwita mtu akidhani utapita.

Msomaji, usisubiri saa hiyo. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea ghafla au maneno yakikokota, mpeleke mgonjwa hospitali wakati huohuo.

Ukitaka kuanza nyumbani

Anza na ngalawa. Mwili wake ni gogo moja, kisha unaongeza matengo na mirengu. Jahazi lenye mbao nyingi lifuate baadaye.

Piga msasa nje, ukiwa na barakoa. Vumbi la mbao huumiza kifua, na la mvule huwasha ngozi na pua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wagonjwa wengi waliopata kiharusi, akijikata hutoka damu kwa muda mrefu zaidi, hivyo kazi ya kisu kikali apewe mwingine. Gundi kali ikinata vidoleni usivute kwa nguvu. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ngozi itaachia taratibu. Fanyia kazi penye mwanga, na usimame kunyoosha mgongo kila baada ya nusu saa.

Na usifanye peke yako. Baba alihitaji mkono wa pili, na mkono huo ulikuwa wa mpwa wangu, wa mama au wangu. Huwezi kumshikilia mtu taruma kwa dakika kumi mkiwa mmenuniana.

Siku ya kushusha

Mwezi wa saba tulilipeleka jahazi Kigamboni, bahari ikiwa tulivu. Lilielea kwa muda mfupi, upepo ukaligusa, likalala ubavu. Mpwa wangu nusura alie. Baba hakushtuka.

"Sisi tumelipunguza mara 20," alimwambia. "Upepo hatukuupunguza. Na halijabeba kitu. Jahazi tupu huwekwa farumi."

Farumi ni uzito unaowekwa chini tumboni mwa chombo kisipokuwa na shehena, mara nyingi mawe. Mpwa wangu akaenda kuokota kokoto. Baba alizipanga kando ya mkuku moja moja, kwa mkono wa kulia. Mbili zilimponyoka, akaziokota tena. Hakuna aliyemsaidia, na hakuomba.

Safari hii jahazi liliinama kidogo, likajiinua, likashika njia. Mpwa wangu akalifuata majini hadi magotini, ameshika uzi.

Siku hizi nikimpigia baba simu kumuuliza hali, hasemi tena "Nipo." Juzi alinijibu kwa swali. Alitaka kujua kama gazetini kwetu kuna mtu wa Lamu, kwa sababu anataka kutengeneza mtepe, kile chombo cha zamani cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, ambacho siku hizi hakisafiri tena. Nikamuuliza kama dawa amemeza.

"Gundi imeshafunguliwa," alisema. "Wewe unafikiriaje?"