Kabla Hajafika Serengeti Girls

Oktoba 15, 2022, Serengeti Girls wa Tanzania waliingia uwanjani katika jimbo la Goa, India, kucheza na Ufaransa. Siku tatu kabla yake, katika mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia la wasichana wenye umri chini ya miaka 17, Japan ilikuwa imewachapa mabao 4-0. Sasa walikuwa mbele ya nchi iliyotwaa kombe hilo mwaka 2012, na aliyeona kipigo cha Japan alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Diana Mnally akaifungia Tanzania bao la kwanza. Christer Bahera akaongeza la pili kwa penalti baada ya mapumziko. Ufaransa ikarudisha moja, ikasukuma mashambulizi hadi mwisho, na filimbi ikalia ubao ukisoma 2-1.

Sare ya 1-1 na Canada ikawapeleka robo fainali, ambako Colombia iliwatoa kwa mabao 3-0. Colombia hiyohiyo ilikwenda hadi fainali. Kabla ya mabinti hao, Tanzania haikuwahi kupeleka timu ya soka kwenye Kombe la Dunia la FIFA: si Taifa Stars ya wanaume, si Serengeti Boys ya wavulana, si Twiga Stars ya wanawake.

Simulizi nyingi za timu ile huanzia Goa, na hapo ndipo zinapotuponyoka. Kikosi cha kocha Bakari Shime kilikata tiketi ya India kwa kuiondoa Cameroon, 4-1 ugenini na 1-0 Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Miaka miwili nyuma, timu ya taifa ya umri huohuo ilikwenda Afrika Kusini kama mwalikwa kwenye mashindano ya COSAFA, ya nchi za kusini mwa Afrika, na kurudi na kombe, baada ya kuishinda Zambia kwa penalti katika fainali. Mfungaji bora wa mashindano hayo alikuwa Aisha Masaka.

Masaka ni mfano mzuri wa kufuatilia hatua kwa hatua. Alipitia Alliance Girls ya Mwanza, akahamia Yanga Princess, na mwaka 2022, akiwa na miaka 18, akasajiliwa na BK Häcken ya Sweden, timu iliyompa nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake Ulaya. Agosti 2024 akajiunga na Brighton, na kuwa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya wanawake ya Uingereza. Clara Luvanga naye alipitia Yanga Princess, akaenda Hispania, kisha Al Nassr ya Saudi Arabia, ambako ametwaa ubingwa wa ligi. Ukizitazama safari hizi kutoka juu, zinaonekana kama bahati. Ukizitazama kutoka chini, unaona ngazi, na unaona pia vipande vya ngazi vilivyovunjika.

Kipande cha kwanza ni chandimu. Mtaani, kwenye uwanja wa vumbi na mpira wa matambara na mifuko, binti wa miaka 9 au 10 hucheza na wavulana na hakuna anayemshangaa. Anapiga danadana, anampiga tobo kaka yake, anaanguka na kuinuka. Anapofika miaka 12 au 13 mambo hubadilika. Mwili umeanza kukua, watu wameanza kusema, na saa kumi na moja jioni, wakati mechi inanoga, anaitwa nyumbani: maji hayajachotwa, mtoto wa dada analia, jiko halijawashwa. Kaka yake anabaki uwanjani hadi giza. Kwa saa mbili kila jioni, siku tano kwa wiki, tofauti hiyo kwa mwaka mmoja tu inazidi saa 500 za kugusa mpira. Hakuna kocha wa timu ya taifa anayeweza kuzirudisha saa hizo kwenye kambi ya wiki tatu.

Ndiyo maana shule ina uzito mkubwa kuliko klabu katika umri huu. Alliance ya Mwanza na Fountain Gate ya Dodoma zimejenga jina kwa kuunganisha darasa na mpira mahali pamoja. Binti anayelala bwenini ana uwanja, ana kocha, ana mlo kwa saa inayojulikana, na jioni yake ni ya mazoezi. Mzazi naye ana jibu la swali lake la kwanza, ambalo kwa kawaida halihusu mpira kabisa: mtoto wangu atasoma? Mzazi akishajibiwa hilo, nusu ya vita imekwisha.

Kenya imepita njia hiyohiyo. Junior Starlets walipofuzu Kombe la Dunia la umri huo la mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika, wakiwa timu ya kwanza ya Kenya ya soka kufika huko, kocha Mildred Cheche alikuwa na kikosi cha wanafunzi wa sekondari, kutoka shule kama Butere Girls na Wiyeta. Waliifunga Mexico 2-1. Pwani, huko Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likitumia mpira kuwafikia wasichana tangu mwaka 2001, na wasichana wenyewe hufundishwa kuwa makocha, waamuzi na waandaaji wa mechi. Jambo hilo la mwisho lina faida ya wazi: mama anayesita kumkabidhi bintiye kwa kocha wa kiume asiyemjua, hasiti sana anapomwona dada wa jirani ndiye ameshika filimbi.

Tanzania ina mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, na wasaka vipaji huyategemea sana. Udhaifu wake uko kwenye kalenda. Ni mashindano na kambi za muda mfupi. Binti asiyechaguliwa kwenye timu ya wilaya, mwaka wake wa mashindano umeishia hapo. Kipaji cha miaka 13 hakikui kwa mashindano ya mara moja. Kinahitaji mechi ya wiki hii, kosa la wiki hii, na mechi nyingine Jumamosi ijayo ya kulirekebisha.

Kuna pia suala la mwili, ambalo makocha wengi hulipita haraka kwa aibu. Wasichana huingia kwenye kipindi cha kukua kwa kasi takriban miaka miwili kabla ya wavulana, na wachezaji wa kike hupata majeraha ya kukatika kwa kano kuu ya goti mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa kiume. Jeraha hilo humweka mchezaji nje kwa miezi mingi. Kwa binti wa kijijini asiye na daktari wa michezo, mara nyingi humaliza safari yake. Kinga yake haihitaji mashine. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo 11+, yanayochukua dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua. Kocha anachotakiwa kutazama ni goti wakati wa kutua. Likiinama mbele sambamba na vidole vya mguu, ni salama. Likiingia ndani kuelekea goti la pili, asimamishe zoezi na kumrekebisha papo hapo. Pamoja na hayo, taulo za kike ziwemo kwenye begi la timu kama zilivyo bandeji, na binti asilazimike kumwomba mwanamume.

Hatari ya upande wa pili ni haraka. Ligi Kuu ya Wanawake, iliyoanza mwaka 2016, imewapa nafasi wasichana wenye umri mdogo sana, na wachezaji kadhaa wa Goa walikuwa tayari wanacheza humo. Kukutana na Simba Queens au JKT Queens ukiwa na miaka 15 kunakomaza. Lakini binti huyo anapocheza ligi, timu ya shule na timu ya taifa katika msimu mmoja, lazima awepo mtu mmoja anayehesabu dakika zake na siku zake za darasani. Klabu inayomsajili inapaswa kuiandika shule kwenye makubaliano na mzazi, kwa maandishi.

Twiga Stars walicheza fainali za Afrika mwaka 2010, kisha wakasubiri miaka 15 hadi walipocheza tena, Morocco, Julai 2025. Pengo la namna hiyo huzuiwa na mtoto wa miaka 12 wa leo. Kwa hiyo ombi la makala haya ni dogo na linatekelezeka. Maofisa michezo wa wilaya wapange ligi ya Jumamosi ya wasichana, shule nne au tano za jirani, nyumbani na ugenini, mwaka mzima wa masomo. Klabu zitoe mipira na kocha mmoja wa kike. Nawe mzazi, saa kumi na moja jioni, mpe kaka yake ile ndoo ya maji.