Mashine ya Kufulia Ikinguruma, Sikiliza Kabla ya Kuuliza Bei

Inaniuma kuona mashine ya kufulia ikipelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa sababu ya sarafu iliyonasa kwenye pampu. Kelele ina mahali inapotoka, na mahali hapo ndipo panapoamua kama utengeneze au ununue nyingine.

Kelele ikija wakati wa kumwaga maji tu, chomoa waya wa umeme, weka beseni chini na ufungue chujio la pampu. Mara nyingi utakuta sarafu, kifungo au waya wa sidiria. Mashine ikitikisika na kutembea inapokamua, iweke sawa kwa pima maji ukirekebisha miguu yake. Ikiwa ni mpya, tazama nyuma: boliti zinazoshikilia pipa safarini lazima ziondolewe. Yote haya unaweza kuyafanya mwenyewe.

Ya kuogopesha ni ngurumo inayopanda pamoja na kasi ya kukamua, kama kinu cha kusaga unga. Kwa mashine ya mlango wa mbele, zungusha pipa la ndani kwa mkono, kisha shika ukingo wake uuinue na kuushusha. Likikwaruza, au likicheza huku pipa la nje limetulia, beringi zimekwisha. Raba inayozuia maji imechakaa, maji ya sabuni yameosha grisi, chuma kimeshika kutu.

Beringi yenyewe si ghali. Namba kama 6204 na 6205 hutumika pia kwenye mota na pampu, kwa hiyo hupatikana madukani. Ghali ni kuifikia, maana mashine huvuliwa karibu yote. Kwa hiyo muulize fundi: pipa la nje limefungwa kwa skrubu, au limeyeyushwa likashikana kiwandani? La skrubu hufunguka, na beringi hubadilishwa pamoja na raba. Lililoyeyushwa hudai kukatwa au kununuliwa jipya, na hapo hesabu hubadilika.

Kipimo changu ni hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya, na yako ina miaka minane au zaidi, nunua. Yakiwa chini ya hapo, tengeneza, tena mapema. Ukiendelea kufulia mashine yenye beringi mbovu, ekseli italika, na kazi ya siku moja itageuka kuwa pipa zima.