Leseni ya Mwalimu wa Darasa la Kwanza Ishuhudie Nini?

Mtoto wa darasa la tatu ameketi barazani Mwanjelwa, jijini Mbeya, kitabu cha Kiswahili mapajani. Anasoma kwa sauti, bila kusita, na mama yake anafurahi. Kisha mama anaufunika mstari wa kwanza kwa kiganja na kumwambia aanzie katikati. Mtoto ananyamaza. Kumbe hakuwa akisoma, alikuwa amehifadhi. Jioni mtoto huyo huyo yuko madrasa, kidole juu ya juzuu, akiunganisha: alifu fataha a, alifu kisira i, alifu dhuma u. Huko anasoma hata neno asilowahi kuliona.

Wazazi wengi wataitambua hali hii. Na wengi wameshaambiwa kwamba mtoto wao ni mzito. Sisi tunasema tusiharakishe kumtia mtoto jina hilo kabla hatujauliza aliyemfundisha alifundishwa nini.

Ustadhi wa madrasa, hata asiye na cheti cha chuo, anajua njia moja kwa yakini: sauti ya herufi kwanza, kisha irabu, kisha muungano, kisha neno. Ameijua kwa kuwa yeye mwenyewe alipitishwa humo mbele ya mwalimu wake. Kiswahili nacho kina neema yake. Irabu ni tano tu, na neno huandikwa kama linavyotamkwa. Hata hivyo mtoto hajisomei kwa neema ya lugha peke yake. Lazima asikie sauti na kuzitenganisha, azihusishe na herufi, asome kwa ufasaha, awe na msamiati, na aelewe alichokisoma. Kila hatua ina namna yake ya kufundishwa. Mwalimu asiyeijua atawaimbisha watoto ubaoni hadi wakariri, na atadhani wamesoma.

Katika nyanda zetu kazi hiyo ina uzito zaidi. Mtoto wa Rungwe huenda akafika shuleni na Kinyakyusa chake, na wa vijiji vya Iringa na Kihehe chake. Anatakiwa ajifunze kusoma kwa lugha ambayo bado anajifunza kuizungumza. Akikutana na mba, ng'o au nywa, anahitaji mwalimu anayejua kwa nini amekwama.

Tumefikaje hapa? Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha vijijini. Lilikuwa jambo la kishujaa, na wengi wetu tulisomeshwa na walimu hao. Lakini lilituachia mazoea kwamba darasa la kwanza ni kazi ya yeyote aliyepo.

Matunda ya mazoea hayo yalionekana baadaye. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mtoto mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba hakuweza kusoma Kiswahili cha darasa la pili. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ukakuta kwamba ni asilimia 8 tu ya watoto wa darasa la pili waliosoma na kuelewa kwa kiwango cha darasa lao. Serikali iliitikia. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulijengwa upya juu ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wakaitwa mafunzoni. Januari 2024 mitaala mingine mipya ikaanza.

Iringa ilipata ziada. Kuanzia mwaka 2016 ilikuwa miongoni mwa mikoa minne ya Bara iliyoingizwa katika mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani. Mbeya haikuwamo. Hivyo watoto wa barabara moja, huyu upande wa Mafinga na yule upande wa Chimala, walitofautiana kwa mpaka wa mkoa. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika hilo. Mradi wa mfadhili huja na huondoka. Haki ya mtoto kusoma haifai kutegemea mradi.

Ndiyo maana tunaitazama kwa matumaini Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania ya mwaka 2018, inayotaka walimu wasajiliwe na wawe na leseni. Leseni haijui mpaka wa mkoa. Swali letu ni moja: kwa mwalimu wa madarasa ya mwanzo, karatasi hiyo ishuhudie nini?

Sisi Waislamu tunalo jibu katika turathi yetu, nalo ni ijaza. Anayetaka ijaza ya Qur'ani hapeleki cheti cha mahudhurio. Anakaa mbele ya shekhe, anasoma, anasikilizwa na kusahihishwa, kisha ndipo anaruhusiwa kusomesha. Na imepokewa kwamba mateka wa Badri waliokosa fidia walitakiwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Hawakuachiwa kwa kuwa wanajua, bali kwa kuwa wamefundisha.

Basi tunapendekeza leseni ya darasa la kwanza na la pili ifuate njia hiyo. Kwanza, kila chuo cha ualimu, kikiwemo Mpuguso kule Rungwe, kimpe mwanafunzi somo kamili la kufundisha kusoma, lisilofichwa ndani ya somo jingine. Pili, mwanafunzi huyo aonekane darasani, mbele ya watoto halisi, akimtoa mtoto kwenye sauti hadi kwenye neno. Tatu, asiyeweza asinyimwe ualimu, bali asikabidhiwe darasa la kwanza mpaka aweze. Na anayeweza aheshimiwe, maana ndiye aliyebeba nyumba nzima juu ya msingi.

Nasi wazazi tusikae tukingoja. Leo baada ya Magharibi, mfunike mwanao mstari wa kwanza. Akikwama, usimpige wala usimcheke. Nenda shuleni kwa adabu, umwulize mwalimu: mtoto wangu anazijua sauti za herufi, au anayakumbuka maneno? Mwalimu mwema atafurahi kuulizwa.

Neno la kwanza kumfikia Mtume wetu (s.a.w.) lilikuwa amri ya kusoma. Tumwombe Allah awajaalie watoto wetu walimu wanaojua namna ya kuitimiza.