Maswali ya Mlangoni mwa Kanisa: Utangulizi

Ibada ikishakwisha na watu wakipeana mikono nje, ndipo maswali yanapoanza. Mama aliyezika mtoto wa wiki mbili, asiyewahi kubatizwa, anamvuta mwinjilisti pembeni: mwanangu yuko wapi? Kijana aliyemaliza mahari lakini hajafunga ndoa kanisani anataka kujua kwa nini azuiwe meza ya Bwana huku sadaka yake ikipokelewa. Mzee wa ukoo anauliza kama ale nyama ya tambiko ndugu watakapokutana Desemba. Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya yule anayesimama mbele yao akitakiwa kujibu, awe katekista, mzee wa kanisa, mlezi wa vijana, au mwanafunzi aliyeingia chuo cha theolojia mwaka huu. Karibu sana.

Wapo wanaoamini kwamba theolojia halisi ni ya Utatu Mtakatifu na ya Neno kufanyika mwili, na kwamba nyama, ndoa na mazishi ni mambo ya darasa la wanaoanza. Sikubaliani nao hata kidogo. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, iliyoandikwa kwenye mwaka 55 hivi, kwa sehemu kubwa ni majibu. Wakristo wa mji ule walikuwa wamemwandikia, na yeye akawajibu jambo baada ya jambo: kuoa na kutooa, vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, karama za Roho, mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Bila maswali yao tusingekuwa na barua hiyo.

Tulitazame lile la nyama kwa karibu, kwa sababu ndilo la mzee wetu. Korintho, nyama iliyouzwa sokoni mara nyingi ilikuwa imepitia hekaluni kwanza. Paulo hakutoa ndiyo wala hapana iliyo tupu. Ya sokoni, nunua ule, usihojihoji. Ukialikwa na jirani asiyeamini, kula unachoandaliwa. Lakini mtu akikudokeza kwamba kimetolewa sadaka, kiache kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekudokeza. Kuketi kwenye meza ya ibada yenyewe, hapo akakataa katakata. Kwa hiyo kabla hujamjibu mzee, muulize: wewe utakula tu, au wewe ndiye utakayemwaga pombe na kutamka maneno kaburini? Na yule mpwa wako aliyebatizwa Pasaka iliyopita, akikuona atafikiri nini? Mara nyingi mzee atajijibu mwenyewe kabla hujafungua Biblia.

Mwalimu wangu mkuu katika kazi hii ni Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Kwenye mwaka 400, mtu aitwaye Januario alimpelekea maswali mengi kuhusu kufunga na kupokea Ekaristi. Katika barua ya kumjibu, Augustino alimsaidia kutenganisha mambo ya aina tatu: yale yaliyoamriwa na Maandiko, yale yanayoshikwa na Kanisa lote duniani, kama kuadhimisha mateso na ufufuko wa Bwana, na yale yanayotofautiana mahali na mahali. Akamsimulia habari za mama yake, Monika. Alipofika Milano alikuta watu hawafungi Jumamosi, na alikotoka ilikuwa desturi kufunga. Akafadhaika. Augustino akampelekea swali Askofu Ambrosi, naye akajibu kwamba yeye mwenyewe akiwa Roma hufunga na akiwa Milano hafungi. Mtu afuate desturi ya kanisa alipo. Tangu hapo Monika akatulia.

Katika barua hiyohiyo wapo wapokeao Ekaristi kila siku, na wapo wajiepushao siku nyingine kwa heshima. Augustino hakuwagombanisha. Akawakumbusha Zakayo, aliyempokea Yesu nyumbani kwake kwa furaha, na yule akida aliyesema hastahili Bwana aingie chini ya dari yake. Wote wawili walimheshimu Bwana yuleyule. Naamini nusu ya ugomvi wa makanisa yetu ungekwisha kama tungejifunza kutambua jambo lililo mbele yetu ni la aina ipi. Vazi la kwaya si ufufuko wa Kristo, na anayeyatetea yote mawili kwa ukali uleule anawachosha waumini bure.

Si kila jambo, hata hivyo, hukubali kupangwa kwa urahisi, na majibu mengine huchukua muda mrefu kuiva. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth waliamua kwamba mume mwenye wake wengi asibatizwe, abaki akifundishwa tu. Vijijini kwetu matokeo yalikuwa mazito. Wapo waume waliowafukuza wake zao ili wapate ubatizo, na wanawake hao na watoto wao wakabaki bila kwao. Ilipofika mwaka 1988, baada ya hoja iliyosukumwa na maaskofu kutoka Kenya, mkutano huo ulikubali mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake zake na watoto walioamini, akiahidi kutooa tena maadamu wake aliokuwa nao wangali hai, na jumuiya ya mahali ikiridhia. Mafundisho kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja hayakuguswa. Waliosahauliwa mwanzoni ni wale wanawake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nasisitiza kumsikiliza mtu kabla ya swali lake. Yule mama wa mtoto mchanga haulizi historia ya limbo, mahali palipofikiriwa kuwa pa watoto waliokufa bila ubatizo. Ni vizuri mwalimu ajue kwamba limbo haikuwahi kuwa fundisho la lazima katika Kanisa Katoliki, na kwamba Katekisimu ya mwaka 1992 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Lakini mama anahitaji kwanza mtu wa kukaa naye, amtaje mtoto kwa jina.

Makanisa yanapotofautiana nimesema wazi. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hubatiza watoto wachanga. Wabaptisti, Wapentekoste na Waadventista wa Sabato hubatiza walioamini, kwa kuwazamisha majini. Nimejaribu kueleza kila upande kwa namna ambayo wenyewe wangeitambua, na pale ninapoegemea upande mmoja nimetoa sababu. Sura ya kwanza ni ya ubatizo, maana maswali mengi huanzia hapo. Mwenye msiba mkononi aende moja kwa moja sura ya nne, akaisome na Wakorintho ya kwanza ikiwa wazi pembeni.